Kabla ya kumjibu nilimpigia simu mtalaka wake

Hii ni habari ya nilivyomkubali fundi wa kutengeneza cherehani aliyetaka kunioa, ila nianzie siku ya tatu ya msiba wa mume wangu wa kwanza, mana ndo siku niliyojua kwamba nimefiwa mara mbili.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori, yale ya Kongo. Anapakia bandarini Dar, anashika njia ya Morogoro, Iringa, Mbeya, anavuka Tunduma kuingia Zambia mpaka Lubumbashi, anarudi na shaba. Tripu moja ilikuwa inakula mwezi, saa nyingine zaidi, kwa sababu pale Tunduma foleni ya malori ikikaza mtu analala barabarani siku kadhaa. Na mimi niliizoea hiyo "niko foleni mama, network mbovu", yaani kwangu ilikuwa kama salamu. Mimi niko Tanga, Ngamiani, nashona. Tulioana 2005, binti yetu akazaliwa 2007. Julai 2016, Idi imepita haina hata wiki mbili, akapata ajali mlima Kitonga, breki zilikataa akiwa anateremka. Utingo wake alivunjika mguu akapona. Yeye hakupona.

Walimleta usiku, akazikwa kesho yake baada ya dhuhuri. Kwetu jeneza kabla halijainuliwa anasimama mtu wa familia anatangaza, kama kuna anayemdai marehemu aje aonane na familia, na kama kuna aliyekosewa na marehemu basi amsamehe. Wanaume wakaitikia nje huko, tumemsamehe. Mimi niko ndani na wanawake nasikia kwa dirishani, na mimi nikaitikia, tena kwa moyo mweupe kabisa, nimemsamehe. Nilikuwa nafikiria vile vigomvi vyetu vidogo vidogo, mara kanipandishia sauti, mara kasahau kutuma hela ya ada. Maskini mimi. Nilisamehe kabla sijaletewa bili.

Sasa siku ya tatu asubuhi, watu wanakunywa chai, akashuka mwanamke kwenye bajaji. Kajitanda kanga, mtoto mgongoni, begi la shangazi kaja mkononi, macho yamevimba, miguu imejaa kwa kukaa kwenye basi kutoka Tunduma. Mi nikajua ni ndugu wa utingo. Akauliza mke wa marehemu ni nani, wifi yangu mkubwa akamuonyesha mimi nimekaa mkekani. Akaja akakaa chini mbele yangu, akalia, hakusema kitu. Mtoto nae akaanza kulia, akamfungua mgongoni amnyonyeshe, mtoto akageuza shingo.

Marehemu sikio lake la kushoto lilikuwa na kijinyama hapo mbele ya tundu, kidogo tu, kama punje ya mtama. Binti yangu anacho. Na huyo mtoto alikuwa nacho.

Sikuhitaji kuambiwa. Niliinua macho nikawaona wifi zangu wawili wanaangaliana, na mwangalio ule ndo ulinimaliza kuliko hata sikio, mana nilijua hapo hapo kwamba hawa walikuwa wanajua. Watu waliokula kwangu. Mmoja nilimshonea nguo za harusi bure.

Najua wapo watakaosema sasa we mwanamke wa Kiislamu unalalamikia nini, mwanaume ana haki ya wanne. Sawa, nimeyasikia hayo mpaka masikio yamechoka. Haki ya wanne siikatai. Ila haki ya kunidanganya ataionyesha wapi? Angekuja akaniambia nimeoa, ningelia, ningerusha sufuria, pengine ningeondoka, lakini lingekuwa jambo la watu wazima wawili. Yeye aliamua mimi ni mtoto.

Na lile la hela ndo sikuwa nimelijua bado. 2014 alikuja na habari ya kiwanja Pongwe, mwenyewe anauza kwa shida, kinatakiwa haraka, milioni moja na laki nane. Nikaenda kwenye kikoba changu nikakopa mara tatu ya hisa zangu, nikarejesha mwaka mzima na riba juu, nashona sare za shule mpaka saa saba za usiku. Na msidhani nilikuwa mjinga nikatoa tu, hapana, nilitaka kukiona. Akanipeleka. Nilisimama pale Pongwe na mwamvuli wangu jua kali nikawa napiga hatua kupima sebule itaanzia wapi na jiko litakaa upande gani ili moshi usiingie ndani, na yeye amesimama pembeni anacheka ananiambia ongeza ongeza, sebule hiyo ndogo. Kumbe ni kiwanja cha watu wengine kabisa. Ile hela ilijenga vyumba viwili Tunduma. Utingo ndo aliniambia, mguu una plasta, analia kama mtoto, na yeye nilimchukia miaka miwili kwa kosa la kuniambia ukweli.

Basi nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, Julai mpaka Novemba mwishoni. Nani anaijua eda ya hasira? Kila anayeingia anakwambia subiri mwanangu, marehemu hasemwi, msamehe apumzike. Mtu akiwa hai ukagundua ujinga wake utamfokea, utaita wazee, atajitetea, utamuuliza kwa nini na hata akidanganya basi umeuliza. Huyu kaondoka na jibu. Nilikuwa nagombana na kanzu yake nyuma ya mlango. Kwakweli. Usiku binti amelala, naiambia kanzu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Na nikaacha kuswali. Sikutangaza, nani atangaze. Ndani ya eda nilikuwa nainama na kuinuka kwa sababu watu wapo, mdomo unatembea moyo uko Pongwe na mwamvuli. Eda ilipoisha nikarudi kwenye cherehani, watu wakapungua, na mimi nikaona ya nini. Nilikuwa nimeswali miaka yote hiyo, namuombea salama barabarani kila akiondoka, Mwenyezi Mungu anajua anakokwenda na mimi sijui, alafu ananiangalia tu naomba? Ndivyo nilivyokuwa nawaza. Mswala ukakunjwa ukawekwa juu ya kabati la vitambaa na vipande vya nyuzi vikawa vinauangukia pale siku hadi siku.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa anaona kila kitu, msidanganyike. Jioni moja namsuka, kaketi chini kati ya miguu yangu, akaniuliza bila hata kugeuka, "Mama, eti baba yuko motoni?" Nikamuuliza nani kasema. Akasema, "Wewe. Usiku unaiambia kanzu."

Jamani. Kitana kilinidondoka. Sikuweza kusema ndio na sikuweza kusema hapana. Nikamalizia mstari mmoja wa nywele, nikamwambia nitakujibu.

Kesho yake nikaenda kwa Bi Mkubwa wa chuo anakosoma Kurani. Mama mtu mzima, mkali, watoto wanamuogopa, na nilikwenda kwake kwa sababu hiyo hiyo ya ukali, wale wapole nilikuwa nimechoka nao, wapole wote wananiambia subiri. Nikamwaga yote. Wifi, mtoto, kiwanja, mswala. Nilitegemea anifokee kwa swala. Alinyamaza muda, anachambua mchele kwenye ungo, alafu akaniuliza, "Nani kakwambia lazima umsamehe?"

Nikasema kila mtu.

Akasema, "Hawakusoma." Akanielezea kitu ambacho pengine nilishakisikia nikiwa mdogo ila hakikunihusu ndo mana hakikuingia. Kwamba dhambi ziko za mja na Mola wake, hizo Mola husamehe akitaka. Na ziko haki za waja, hizo mpaka mwenyewe uliyedhulumiwa useme nimesamehe. "Mumeo ndo anayeuhitaji msamaha wako wewe. Ukitaka leo, ukitaka kesho, ukitaka mkutane nae siku ya hukumu, ni haki yako, na Mwenyezi Mungu hakudhulumu kwa kumpa yeye kilicho chako."

Sijui kama naweza kueleza vizuri nilichosikia mwilini wakati ule. Miezi na miezi nilikuwa naona Mungu yuko upande wa marehemu, pamoja na wifi zangu na wale wazee, wote wamejipanga ng'ambo kule wananiambia nyamaza. Na huyu mama na ungo wake ananiambia hapana, kesi yako haijafungwa, imesubirishwa, na anayeisubirisha ni Mungu kwa heshima yako wewe fundi cherehani wa Ngamiani. Nililia pale mpaka akaniambia nisogee nisilowanishe mchele.

Alafu akanishusha ardhini. Akauliza hiyo milioni moja na laki nane ina ushahidi? Nikasema daftari la kikoba lipo, na katibu yupo hai. Akasema basi hilo ni deni, na deni la marehemu linalipwa kabla mirathi haijagawanywa, nenda kadai. "Unakaa unalia na haki yako iko kwenye daftari!"

Jioni nikamjibu binti yangu. Nikamwambia baba yako alikuwa anadaiwa na mimi, na mimi bado nafikiria. Akasema sawa, kama vile nimemwambia kesho tunapika maharage. Usiku ule nikaukung'uta mswala nje barazani. Siwadanganyi kwamba nuru ilishuka. Niliswali isha na hasira zangu zote, na kwenye sijda nikasema ya kwangu kwa Kiswahili, makali, na hakuna kilichoniporomokea. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyoswali, sijipambi.

Mambo ya mirathi sitayasimulia yote, yanachosha. Kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo kutoka RITA wanaosajili vifo, barua ya serikali ya mtaa, mahakama ya mwanzo, nenda rudi. Shemeji yangu mkubwa akateuliwa msimamizi. Siku ya kwanza mahakamani nikamkuta mwenzangu wa Tunduma kashafika, amekaa kwenye benchi la nje na mtoto wake, na benchi ni hilo hilo moja. Nikasimama. Nikasimama weee, miguu ikauma, nikakaa. Kati yetu mtoto, ameshaanza kusimama, kashika goti langu kama la mamake.

Yeye ndo aliongea kwanza. "Dada, aliniambia mmeachana toka 2012." Akanionyesha mpaka meseji kwenye simu, nikaona jina langu limeandikwa kwamba nimeolewa na mtu mwingine Mombasa. Mombasa! Mimi ambaye hata Horohoro pale mpakani sijawahi kuvuka. Nilicheka. Nawaambia nilicheka mpaka karani akachungulia, na yeye akaanza kucheka, wajane wawili tunacheka nje ya mahakama na watu wanatutazama.

Na kuna hili. Kwa sheria yetu mke akifiwa na mume mwenye watoto fungu lake ni thumni, moja ya nane, na wake wakiwa wawili thumni ni hiyo hiyo mnagawana, kila mtu moja ya kumi na sita. Nilikuwa nimelikalia hilo kwa uchungu, kwamba hata kipande changu kidogo kimekatwa. Ila mimi nina binti mmoja tu, na kama ni binti peke yake ndugu wa marehemu wangeingia kwenye kilichobaki. Yule mtoto wa kiume ndo aliyewatoa. Wale wifi zangu waliokuwa wanajua na wakanyamaza, kitoto kile cha sikio kiliwafungia mlango, hawakupata hata kijiko. Bi Mkubwa nilipomsimulia alisema tu alhamdulillah lakini nilimuona anakaza midomo asicheke.

Deni langu mwenzangu alilikubali bila ubishi, akasema mbele ya hakimu vyumba viwili vilijengwa 2014 na hela alikuja nayo mara moja. Ila hana taslimu, na vile vyumba ndo anakaa na mtoto. Tukatoka nje akaniambia, dada mi nauza vitenge pale mpakani, navitoa Nakonde, upande wa Zambia, na vya Kongo vinapita, nikutumie vitenge mpaka deni liishe? Nikaona hee, hata huyu ni walewale. Lakini nilimtazama mikono, kucha zimekatika, mikono ya mtu anayebeba mizigo, nikasema tuma.

Wiki mbili kimya. Nikajisemea si nilijua. Wiki ya tatu nikapigiwa simu na ofisi ya mabasi nikachukue mzigo, majora manne, na ndani karatasi ya daftari kaandika kila jora na bei yake ya kununulia, sio ya kuuzia. Akawa anatuma hivyo. Deni liliisha 2018 katikati, akanipigia kuniambia tumemaliza dada, na mimi ndo nikamwambia usiache, tuma mali kauli nitauza nikutumie. Yaani mtu wa kwanza duniani niliyemuamini tena na hela yangu ni mke mwenzangu. Hilo hata ningeota nisingeota.

Sasa fundi.

Mwaka 2019 oda za vitenge zimekuwa nyingi na cherehani yangu ikaanza vituko. Inaruka mishono, chini inafunga uzi kama kiota cha ndege, unashona mita mbili unafumua mita moja. Fundi wangu wa zamani akaniambia shato, kile chuma cha chini kinachoshika uzi, imekufa, inunuliwe, elfu arobaini na tano. Nikawa natafuta hiyo hela. Jirani akaniambia kuna mtu anatengeneza kule karibu na stendi, mjaribu huyo. Akaja kwa baiskeli, mtu wa makamo, kofia ya viua imefuliwa mpaka imechoka, salamu moja, hana maneno. Akakaa. Akafungua kile kikopo cha bobini, akakipuliza, akachukua ncha ya sindano akavuta kitu kidogo kidogo mpaka kikatoka kipande cha uzi mwekundu kimeshikana na vumbi la kitambaa. Kisha akaitoa sindano ya cherehani, akaigeuza, akairudisha. Akazungusha gurudumu kwa mkono taratibu, ameinamisha sikio anasikiliza kama daktari. Akachukua kipande cha kitenge akashona mstari mmoja mrefu, akanipa.

Mstari umenyooka kama umechorwa.

"Shato yako nzima, dada. Sindano ulikuwa umeiweka kinyume."

Nikauliza bei gani. Akasema elfu moja. Mimi badala ya kufurahi nikaingiwa na hofu, huyu anataka nini? Mtu akinifanyia wema enzi zile mimi natafuta mlango wa nyuma uko wapi. Nikampa elfu tano kumjaribu nikajifanya sina chenji. Akasema basi chukua hii, akanirudishia elfu nne kutoka mfukoni mwake, akapanda baiskeli akaondoka. Nikakaa pale na elfu nne yangu nimenuna. Kwa nini hakuiba!

Akawa fundi wangu. Kila kifaa akibadilisha, kile kibovu ananiwekea kwenye karatasi, anaacha mezani, "hiki ndo cha zamani". Mwaka mzima hivyo, hakuna alichosema. Siku alipolisema alilisema kama anataja bei. "Dada, mimi sina mke. Nina nia ya kukuoa, kama na wewe huna kizuizi." Nikamwambia mimi ni mtu wa vizuizi tu, kaa nikwambie. Nikamwambia yote, mpaka kanzu. Alisikiliza kama anavyosikiliza cherehani. Mwisho akasema, "Mimi nimeacha mke. Ukitaka kujua kwa nini usiniulize mimi, mimi nitajipendelea. Muulize yeye." Akanitajia namba ya simu. Mtalaka wake. Kaiweka kichwani.

Namba ilikaa kwenye meza ya kukatia siku nne imeandikwa kwa chaki yangu ya vitambaa. Siku ya tano nikapiga, nimejifungia. Nikajitambulisha nikategemea matusi. Yule mama akasema, "Ahaa, ni wewe. Alinipa taarifa utapiga. Ngoja nitoe sufuria motoni."

Tuliongea dakika hamsini. Akaniambia hanywi, hapigi, hatembei ovyo, ada ya mtoto wao inaingia kila muhula bila kukumbushwa. Akaniambia akinuna ananuna wiki nzima mpaka nyumba inakuwa kama kuna msiba. Akaniambia ni bahili wa sabuni. Wa sabuni tu, wa vingine hapana, hata yeye hajui kwa nini. Wao waliachanishwa na mama mkwe, marehemu sasa, na yeye mwanaume akashindwa kusimama katikati, "hilo mimi nilimlaumu na bado namlaumu, ujue na hilo." Nikamuuliza, ungekuwa mimi ungekubali? Akanyamaza kidogo. "Mi nisingerudi. Lakini wewe sio mimi, na mamake hayupo."

Hayo ndo maneno yaliyonifanya nimkubali. Kama angemsifia mwanzo mwisho ningekimbia.

Bado nikamtuma kaka yangu kwao fundi, Korogwe, akaulize msikitini na kwa jirani, akakae siku mbili. Wakubwa wengine wakasema namdhalilisha mwanaume wa watu kumchunguza kama mwizi, na nilikuwa nimeambiwa mara elfu kwamba mwenye imani haulizi maswali. Mimi kiukweli sikubali hilo. Mwanzo sikuuliza, nikaonyeshwa kiwanja cha watu. Fundi mwenyewe alipoambiwa kaka yangu anakwenda alimuelekeza na gari la kupanda.

Tulioana 2021. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka nia ya kuoana itangazwe siku 21 kabla, mwenye pingamizi aje, na watu wengi wetu huwa tunaipita hiyo kimya kimya, mimi nikasema hapana, itangazwe, na kila Ijumaa nikawa namuuliza kaka, hajatokea mtu? Hajatokea mtu. Mahari nilitaja ovaloki. Sheikh akauliza ovaloki ndo nini, kaka akamuelezea ni mashine ya kupiga pindo, msikiti mzima ukacheka. Ikaandikwa. Iko hapa pembeni yangu inafanya kazi, na ikiharibika natengenezewa bure, ndo nimepiga hesabu hivyo.

Mwenzangu wa Tunduma alikuja harusini na yule mtoto, wakati huo ana miaka sita, na jora la kitenge cha sare kwa wanawake wote wa nyumba. Watu walinong'ona. Wanong'one. Likizo za shule mtoto anakuja kwetu, anamfuata fundi nyuma nyuma anambebea boksi la spana, na binti yangu anamuita mdogo wangu bila kuongeza neno lolote.

Kuhusu yule aliyekufa, bado nafikiria, ila si kama zamani. Hela nilimsamehe, ilikuwa Ramadhani moja napiga pasi nguo za Idi za yule mtoto, nikafika kwenye kola nikasema haya, hela nimekuachia. Ya Pongwe bado. Ile ya kucheka na kuniambia ongeza ongeza sebule ndogo, hiyo bado nimeishika. Bi Mkubwa nilimwambia, akasema shika, siku ukichoka utaiweka chini mwenyewe.

Na msije mkadhani na fundi nimekuwa malaika wa kuamini. Ananuna kweli, wiki nzima, mtalaka wake hakusema uongo, na sabuni anaikata vipande kwa kisu. Na mimi nina yangu, akichelewa moyo unakwenda Tunduma wenyewe bila nauli. Juzi alikwenda Muheza kutengeneza mashine za mtu, akasema atarudi saa kumi, saa kumi na mbili hajarudi. Nikajizuia, nikaswali magharibi, nikakaa, nikashindwa, nikapiga ile simu ya video. Akapokea. Hakuuliza kwa nini nimepiga video, aligeuza tu kamera akaanza kuizungusha taratibu, hii hapa barabara, huyu hapa kondakta anabadilisha tairi, hizi hapa tenga za machungwa, huyu hapa mama anayeuza, msalimie. Mama wa watu akanipungia mkono.

Nikaona aibu kidogo. Nikamwambia kama ni yale matamu aje nayo ishirini.